Njia ya Oldonyiro: Kawia Ufike

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeifanya ardhi ipitike na safari kuwa ibada kwa mwenye nia njema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wiki hizi za mvua za vuli nimeulizwa mara kadhaa njia ya kwenda Oldonyiro. Waulizaji si wachache tena. Wapo walimu na wauguzi wa Pwani waliopelekwa huko kikazi, wapo vijana wa biashara ya mbuzi, wapo wanaopeleka udhiya na futari kwa Waislamu wa kaskazini, na wapo mabinti zetu walioolewa na kuhamia huko na waume zao. Kila aliye huko ana mama Mombasa, Kilifi au Lamu anayeuliza: nitamfikia vipi mwanangu?

Oldonyiro ni wadi ya Kaunti ya Isiolo, upande wa magharibi kabisa, pale Isiolo inapopakana na Laikipia na Samburu. Katika Kimaa, oldoinyo ni mlima, na mwenye kufika haulizi sababu ya jina hilo, kwa kuwa vilima vimemzunguka kila upande. Wengi wa wenyeji ni Wasamburu, na kando yao wako Waturkana na watu wa makabila mengine. Maisha yao ni mifugo, na mnada wa mifugo ndiyo siku ambayo mji huo mdogo hujaa watu, vumbi na malori. Waislamu wako wachache.

Ndege ya abiria ya kwenda huko haipo. Reli haipo, wala basi kubwa la kutoka Mombasa moja kwa moja halipo. Kwa hiyo, ingawa ni nchi kavu, mimi hukiita kisiwa. Na kisiwa kina adabu yake ya kukiendea.

Watu wa Lamu wanaijua adabu hiyo bila ya kufundishwa. Mtu wa Pate akitoka Lamu kurudi kwao hatazami kwanza saa yake ya mkononi, hutazama maji. Mkondo mwembamba wa Mkanda, baina ya Manda na bara, haupitiki kila wakati. Maji yakitoka, chombo hungoja. Hata uwe na mashini ya nguvu namna gani, Mkanda ndio unaoamua. Ndivyo ilivyo pia kwingine duniani. Kusini mwa Thailand, katika mkoa wa Satun ambao wengi wa watu wake ni ndugu zetu Waislamu, kuna kisiwa cha Koh Lipe kisicho na uwanja wa ndege. Msafiri hushuka na ndege Hat Yai, akaenda kwa gari hadi bandari ya Pak Bara, kisha akapanda boti. Iko pia njia ya kuvuka kutoka Langkawi, Malaysia, lakini hiyo husimama katika miezi ya pepo kali. Mwenye kupanga safari hiyo kwa kutazama ndege peke yake hufika pwani akakuta bahari imemfungia mlango.

Kanuni basi ni hii: mahali pasipo na uwanja wa ndege, safari hupangwa kuanzia mwisho wake. Tazama kwanza kipande cha mwisho, kile kigumu, uulize hali yake kwa wanaokaa huko. Ukishakijua, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwako. Sisi wengi hufanya kinyume. Huanza na tiketi ya treni kwa kuwa ndiyo rahisi, kisha hupeleka mengine kwa kudra.

Nitaieleza kanuni hii kwa kisa cha karibuni. Mama mmoja wa Majengo, Mombasa, binti yake ameolewa na mwalimu anayesomesha Oldonyiro. Siku ya Jumatatu binti alijifungua mtoto wa kiume. Nyanya mtu alitaka awe amefika kabla ya siku ya saba, aishuhudie akika na amtazame mwanawe katika arubaini yake. Mama huyo amepita miaka sitini, ana kisukari na hutumia dawa ya sindano, tena hajawahi kuvuka Nairobi. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye mahramu wake wa safari, alikuwa na shauri moja tu: njia iliyo fupi kuliko zote. Jumanne wakaniletea shauri lao.

Tulianza na mwisho. Oldonyiro ina milango mitatu. Wa kwanza ni kutoka mji wa Isiolo kupitia Kipsing. Wa pili ni kutoka Nanyuki kupitia upande wa Dol Dol, kwa kupanda nyanda za Laikipia. Wa tatu ni kutoka pande za Samburu, yaani Wamba au njia ya Maralal. Huu wa tatu niliuweka kando mara moja kwa mtu wa Pwani, kwani humzungusha mbali bila ya faida, isipokuwa awe ana jamaa huko.

Mlango wa Nanyuki una kivutio chake. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni kama kilomita 200 za lami, na zipo ndege ndogo za abiria zinazotoka Wilson, Nairobi, hadi Nanyuki. Kijana aliuona huo ndio mkato: ndege kutoka Mombasa hadi Nairobi, ndege nyingine hadi Nanyuki, kisha gari hadi Oldonyiro, wafike kwa siku moja. Kwa hesabu ya karatasi alikuwa sawa. Lakini mbele ya Dol Dol magari ya abiria ni haba, na njia hukata katika maeneo ya malisho na ranchi ambako mgeni akiharibikiwa na gari hana mlango wa karibu wa kubisha. Mwenye gari lake madhubuti na mwenyeji ndani yake anaweza kuufuata mlango huu. Mama mwenye sindano ndani ya kikapu cha barafu asiufuate kwa kubahatisha.

Mlango wa Isiolo ndio wanaoutumia wenyeji wengi, kwa kuwa Isiolo ndiyo makao ya kaunti yao; huko ndiko kwenye ofisi, hospitali na soko. Njia hupita Kipsing kabla ya kufika Oldonyiro. Kilomita zake si nyingi, lakini asije mtu akazipima kwa barabara ya Malindi. Ni njia ya mchanga, mawe na makorongo makavu ambayo watu wa kaskazini huyaita laga. Laga ni mto usio na maji miezi mingi ya mwaka. Utaukuta mchanga mweupe na mbuzi wamelala humo. Kisha mvua hunyesha milimani, mbali na macho yako, na chini ya jua kali, bila ya wingu juu ya kichwa chako, maji hukujia mekundu yamebeba magogo. Laga ndiyo Mkanda wa Oldonyiro.

Usafiri wa kipande hiki ni gari aina ya Land Cruiser, pikapu, au lori la mifugo ambalo watu hupanda juu yake. Siku za mnada magari huwa mengi, na siku nyingine hungojwa mpaka yajae. Kwa mwanamke, lori si mahali pake. Ajipatie nafasi ya mbele katika gari dogo, na alipie mapema. Jambo la pili ni usalama. Mipaka ya Isiolo, Samburu na Laikipia imewahi kupata misukosuko ya wizi wa mifugo. Wenyeji hujua siku ya kupita na siku ya kukaa. Kwa hiyo uliza, na ukiambiwa leo usipite, usipite. Wala usiwe njiani jua likitua.

Mlango ukishachaguliwa, inabaki namna ya kuufikia kutoka Pwani, na hapo pia zipo njia tatu.

Ya kwanza ni Nairobi. Tangu Mei 2017, treni ya Madaraka Express imeifanya njia hii kuwa nyepesi kwa wazee na watoto: ni saa tano au sita za kukaa kitini, choo kipo, na mtu hunyoosha miguu. Kutoka Nairobi, magari ya Isiolo hupatikana Eastleigh, mtaa wenye misikiti na chakula cha halali kila kona. Nairobi hadi Isiolo ni karibu kilomita 285, lami mwanzo hadi mwisho, ama kwa kupitia Nanyuki na Timau au kwa kupitia Embu na Meru.

Ya pili ni kuikwepa Nairobi. Ukiwa na gari lako, unaiacha barabara kuu pale Kibwezi, unaingia Mutomo na Kitui, kisha unaelekea Embu, Meru na kushuka Isiolo. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui sasa ni ya lami na haina msongamano. Ni njia nzuri kwa familia yenye dereva wawili. Ila sehemu zake ni kimya, misikiti ni michache, na mwenye watoto ajichukulie maji na chakula cha kutosha.

Ya tatu ni ya Malindi, Garsen, Hola na Garissa, kisha Modogashe hadi Isiolo. Ukitazama ramani, watu wa Lamu na Tana River huiona kuwa ndiyo yao. Wakati wa kiangazi, kwa mwenyeji wa huko, huenda ikafaa. Katika mvua siipendekezi kwa familia. Aprili 2024 Mto Tana ulifurika ukaikata barabara pale Madogo, karibu na Garissa. Watu wakawa wanavushwa kwa boti, na boti moja ikapinduka, wakafa watu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa Waislamu miongoni mwao na awape subira wafiwa wote.

Ama viwanja vya ndege, Isiolo inao, uliokarabatiwa ukafunguliwa mwaka 2017. Lakini ndege zake za abiria zimekuwa za kuja na kukatika, na safari ya mzazi haifungwi kwenye jambo la namna hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mama wa Majengo alichagua treni hadi Nairobi, gari hadi Isiolo, kulala Isiolo, kisha Kipsing. Kijana alikubali shingo upande, kwa sababu moja: siku ya saba. Kwa kuwa siku ya kuzaliwa huhesabiwa, ya saba ilikuwa Jumapili.

Hapa ndipo nilipoona kuwa swali la njia limekuwa swali la dini, na nikaona lielezwe wazi. Akika ni suna iliyotiliwa mkazo. Kuchinja siku ya saba ndiyo bora. Ikipita, huchinjwa ya kumi na nne, au ya ishirini na moja, na hata baada ya hapo mlango wake haufungwi. Tena mwenye jukumu ni baba wa mtoto, na akika yake husihi bila ya nyanya kuwepo. Basi jambo ambalo sheria imelipa nafasi, haijuzu mtu kulifanya sababu ya kuitia nafsi katika hatari ya wazi. Kuihifadhi nafsi ni wajibu, na suna haitafutwi kwa kuupoteza wajibu. Nilimwambia kijana: ukimfikisha mama yako siku ya nane akiwa mzima, umemfanyia wema mzazi na dada pia. Ukimzamisha kwa ajili ya siku ya saba, utakuwa umepata nini?

Maneno hayo si ya kutisha watoto. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, basi lililokuwa limechukua watu wanaokwenda harusini liliingia majini mbele ya macho ya umati uliosimama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa wakienda kwenye furaha, na hapana shaka walikuwa na saa ya kufika. Harusi ingengoja. Maji yale, kwa desturi ya mito ya msimu, yangepungua.

Safari ya familia yetu ilikwenda hivi. Jumatano walipanda treni, wakalala Eastleigh. Alhamisi jioni wakawa Isiolo. Isiolo si ugenini kwa Muislamu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza waliwekwa hapo, na pamoja na Waborana na wengineo, mji ukawa na misikiti na nyumba za Kiislamu tangu zamani hizo. Mama alipata chumba safi, akapata jokofu la kuwekea dawa yake, na mwanawe akaswali Ijumaa msikitini. Siku hiyo hiyo mkwe akapiga simu kutoka Oldonyiro: mvua imenyesha usiku, msitoke. Jumamosi akapiga tena: ngojeni.

Jumapili waliondoka asubuhi. Mbele ya Kipsing wakakuta laga ina maji. Dereva, kijana wa Kisamburu, alishuka akaweka jiwe pembezoni mwa maji, akakaa kivulini. Baada ya muda akalitazama: maji yalikuwa yamelifunika. Hakusema mengi, aligeuza gari. Nyuma yao alikuwapo mwenye pikapu aliyetaka kujaribu, akaona gari la mwenyeji limerudi, naye akarudi. Usiku ule walilala Kipsing kwa Muislamu mmoja mwenye duka, ambaye mkewe alimpisha mama kitanda chake. Jumatatu asubuhi jiwe lilikuwa juu, limekauka. Kabla ya adhuhuri mama alikuwa amempakata mjukuu wake. Akika ilichinjwa siku ya kumi na nne, mbuzi wawili, na majirani wa Kisamburu wakala pamoja nao.

Mama zangu na dada zangu, kutokana na haya nawaachia mashauri machache.

Pimeni safari kwa aliye dhaifu miongoni mwenu. Kijana mwenye nguvu atafika kwa njia yoyote. Swali ni mjamzito, mtoto na mzee. Wakiiweza wao njia hiyo, ndiyo njia.

Wekeni siku moja ya ziada katika bajeti na katika moyo. Anayepanga kurudi kazini kesho yake ndiye anayemshurutisha dereva aingie majini.

Mchague mwenzi kabla ya njia. Mwanamke asafiri na mahramu wake, na kipande cha mwisho awepo mwenyeji. Dereva wa huko akisema turudi, msimshindanie kwa kuwa mmelipa.

Katika swala, sheria imekwisha kuwarahisishia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari hii inaruhusu kupunguza rakaa na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ukinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, unaswali kamili tangu unapofika. Maji yakiwa ni ya kunywa tu, tayamamu kwa udongo wenye vumbi. Na vumbi, alhamdulillahi, Oldonyiro halikosekani. Kibla ni kaskazini kama tulivyozoea Mombasa, ila huko huelemea kidogo mashariki.

Chukueni maji zaidi ya mnavyodhani, tende, dawa za siku kadhaa za ziada, kanga mbili za kujistiri wakati wa haja njiani, na shuka nzito, kwa kuwa usiku wa huko una baridi. Kwa mzazi, pelekeni tangawizi na pilipili manga za uji. Kwa majirani, pelekeni sukari na majani ya chai. Mkikaribishwa maziwa, pokeeni kwa mikono miwili. Msimpige picha mama wa Kisamburu kwa sababu ya shanga zake kabla ya kumwamkia na kumtaka ruhusa. Shanga zile ni heshima yake, kama buibui lilivyo kwetu.

Kwa ufupi, katika miezi ya mvua mwenye familia apite Nairobi, alale Isiolo, na aingie kwa Kipsing mchana, akiwa ameshampigia simu aliye Oldonyiro asubuhi ya siku ile. Wakati wa kiangazi, mwenye gari lake na dereva wa pili anaweza kufuata Kibwezi na Kitui. Mlango wa Nanyuki na Dol Dol aachiwe mwenye mwenyeji ndani ya gari. Na kwa njia yoyote ile, msafiri ni maskini ajapokuwa sultani: njiani humhitaji dereva asiyemjua, mwenye duka asiyemjua, na mke wa mtu atakayempisha kitanda. Asiende kwa kiburi cha tiketi.

Wazee wetu walisema kawia ufike. Hawakusema kawia usiende. Kuunga udugu ni amri, na binti aliye mbali ana haki ya kutembelewa. Basi nendeni, someni dua ya safari mkiwa mmekaa vitini, na mngoje maji yapungue.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awarudishe salama kwa watu wao, na awape watoto wetu walio mbali majirani wema. Amin. Wabillahi tawfiq.